Maji ya Mchele na Nyuso za London

Mwishoni mwa Mei 1667, Elisabeth Pepys, mke wa Samuel Pepys, ofisa wa ofisi ya jeshi la majini, alitoka katikati ya jiji la London akaenda kulala Woolwich, kando ya mto Thames. Alikuwa na shughuli huko: kuamka alfajiri akusanye umande. Bi Turner, waliyefahamiana naye, alikuwa amemfundisha kwamba umande wa mwezi wa Mei ndio kitu pekee duniani cha kuoshea uso. Habari hiyo tunaijua kwa sababu mumewe aliiandika katika shajara yake, ambayo imekuwa dirisha kubwa la kutazamia maisha ya London ya karne ya 17.

Umande haumdhuru mtu, na haugharimu zaidi ya safari ya kuufuata. Laiti wanawake wa London wangeishia hapo.

Wenye uwezo hawakuishia hapo. Tangu karne iliyotangulia, weupe wa uso ulikuwa alama ya cheo: mwenye uso mweupe hakuchomwa na jua shambani. Malkia Elizabeth wa Kwanza aliugua ndui mnamo Oktoba 1562 akanusurika, na wanawake wa zama zake waliotaka kuficha makovu walijipaka rangi nyeupe iliyotokana na madini ya risasi. Ilitengenezwa kwa kuyaacha mabamba ya risasi kwenye mvuke wa siki mpaka yafanye ukungu mweupe, kisha ukungu huo ukakwanguliwa, ukasagwa na kukorogwa. Ulishika vizuri usoni, ukaficha kila doa. Taratibu ukaharibu ngozi, na aliyejipaka akazidi kuongeza tabaka ili kuficha madhara ya tabaka la jana. Si kwamba watu hawakuonywa. Mwaka 1598 tabibu Richard Haydocke alitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha mchoraji wa Kiitalia, Lomazzo, na humo wanawake walionywa juu ya risasi na juu ya zebaki, ambayo nayo ilipakwa usoni ili kubabua madoa.

Onyo lilipita. Mwaka 1760 Maria Gunning, binti mzuri aliyetoka Ireland, akaolewa na bwana mkubwa na kuitwa Countess wa Coventry, alifariki akiwa bado kijana. Umati wa watu ulizoea kumfuata London ili umtazame tu. Wengi walisema rangi za usoni ndizo zilizomuua, na tangu hapo jina lake limekuwa likitajwa kila inaposimuliwa historia ya vipodozi vyenye sumu.

Wakati huo huo, magunia ya mchele yalikuwa yakipakuliwa bandarini London. Mwingi ulitoka Carolina, koloni la Waingereza huko Amerika, ukalimwa katika mabwawa ya tope na Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani, wengi wao wakitoka sehemu za Afrika Magharibi ambako kilimo cha mpunga kilikuwa ujuzi wa kurithi. Ujuzi wao ndio uliowatajirisha mabwana wa Charleston, na haifai kuusimulia mchele wa London bila kuwataja. Jijini ulikuwa chakula, mara nyingi ukipikwa kwa maziwa na sukari. Usoni ulikuwa haujapata nafasi.

Kilichopakwa kichwani kilikuwa wanga wa ngano. Wanaume na wanawake wa tabaka la juu walizipaka poda nywele zao, za asili na za bandia, mpaka ziwe nyeupe. Mwaka 1795 mavuno yalikuwa mabaya, mkate ukapanda bei, na serikali ya William Pitt, iliyohitaji fedha za vita na Ufaransa, ikatoza kodi ya gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21, kwa kila anayetaka kutumia poda ya nywele. Maskini walikuwa wakililia unga, na matajiri walikuwa wakiumwaga vichwani. Wengi waliacha, na katika miaka michache mtindo wenyewe ukafa.

Mchele ulipata mlango wake mwaka 1840. Mjini London, Orlando Jones alisajili haki ya uvumbuzi wa namna ya kutoa wanga katika mchele. Kazi hiyo ilikuwa imewashinda wengi, kwa sababu ndani ya punje ya mchele wanga umeshikamana na protini kama gundi. Jones aliroweka mchele katika maji yenye magadi makali. Magadi yakaiyeyusha protini, wanga ukabaki, ukaoshwa mara nyingi, ukaachwa utuame na kukaushwa. Wateja wa kwanza walikuwa wafuaji nguo, waliotaka kola na ncha za mikono ya mashati zisimame wima. Lakini wanga wa mchele una sifa ambayo wanga mwingine wa kawaida hauna: chembe zake ni ndogo sana, ndogo kuliko za ngano, mahindi au viazi. Ukiusugua katikati ya vidole husikii mkwaruzo. Hunyonya jasho na mafuta, wala hauna sumu.

Basi wanga huo ukahamia kwenye meza ya kujipambia. Wafaransa waliuita poda ya mchele, na kampuni ya Bourjois ya Paris ilipoanza kuuza poda yake iitwayo Java mwaka 1879, jina hilo lilivuka mlango wa bahari bila shida. Wakati wa Malkia Victoria, mwanamke aliyejipaka rangi waziwazi alitiliwa shaka, lakini poda nyepesi ya mchele ya kuondoa mng'ao wa jasho puani ilivumiliwa, mradi isionekane. Ukweli ni kwamba kati ya vitu vyote vilivyopakwa kwenye nyuso za London kwa miaka 300 iliyotangulia, huu ndio uliostahili heshima, na ndio uliotangazwa kwa sauti ya chini kuliko vyote.

Sauti kubwa ilikuwa mtaa wa New Bond, nyumba namba 47a. Hapo ndipo Sarah Rachel Leverson, aliyejiita Madame Rachel, alipofungua duka lake la urembo na kuahidi wateja kwamba watakuwa wazuri milele. Mwaka 1863 alitoa kijitabu chenye ahadi hiyo kama jina. Bidhaa zake zilibeba majina ya mbali: maji ya umande wa mwamba wa sumaku kutoka Sahara, mabafu ya Kiarabu, dawa za warembo wa mashariki. Chupa ya maji hayo ya Sahara iliuzwa gini mbili, fedha ambayo mtumishi wa ndani aliifanyia kazi kwa wiki kadhaa. Mjane mmoja, Mary Tucker Borradaile, aliingia dukani akitafuta ngozi ya ujana, akaishia kupoteza mali yake yote, kwa sababu Madame Rachel alimwaminisha pia kwamba kuna bwana wa ukoo bora anayetaka kumwoa. Kesi ilisikilizwa Old Bailey mwaka 1868. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana. La pili likamtia hatiani, akafungwa miaka mitano. Alipotoka alirudia kazi ile ile, akashtakiwa tena mwaka 1878, akafungwa tena, na akafia gerezani mwaka 1880.

Kesi ya Madame Rachel ilichekesha magazeti. Kisa cha mwaka 1878 huko Loughton, Essex, pembeni mwa London, hakikumchekesha mtu. Watoto wachanga walianza kufa wakiwa na vidonda vyeusi mapajani na chini ya kitovu. Daktari wa hapo alifuatilia mpaka akaikuta sababu kwenye kopo la poda ya urujuani, ambayo mama wa Kiingereza alimpaka mtoto baada ya kumwogesha kama mama wa pwani anavyompaka wake poda leo. Poda hiyo ilipaswa kuwa wanga wenye harufu nzuri, basi. Ilipopimwa ilikutwa na aseniki kwa wingi wa kutisha. Mtengenezaji alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiwa. Hakukuwa na sheria iliyomlazimu mtu yeyote kupima kilichomo ndani ya kopo la poda kabla ya kuliuza.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 1875, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa ameshuka London kama mgeni wa serikali ya Uingereza. Alimtembelea Malkia Victoria katika kasri la Windsor, akaonyeshwa viwanda na maonyesho, na magazeti yakamfuata kila alikokwenda. Dada yake Salme, ambaye sasa aliitwa Emily Ruete na alikuwa mjane mwenye watoto watatu nchini Ujerumani, alikuja London akitumaini kupatana naye baada ya miaka ya kutengana. Wakubwa wa Kiingereza, Sir Bartle Frere akiwa mbele, walimzuia. Aliondoka bila kumwona kaka yake.

Salme anahusika na habari hii kwa sababu ya kitabu alichokiandika. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka London mwaka 1888. Msomaji wa London, aliyezoea kuuziwa maji ya Sahara, sasa aliweza kusoma jinsi ngozi ilivyotunzwa kweli katika jumba la Mtoni: mabafu yaliyopangwa safu, watu kuoga mara kadhaa kwa siku, nguo kufukizwa, asumini kitandani, udi, ambari na marashi. Hapana risasi, hapana aseniki. Mambo hayo yangali hai. Hadi leo Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, bibi harusi husingwa na somo wake. Liwa husagwa kwenye jiwe kwa maji ya mawaridi, manjano huongezwa, na kila somo ana mchanganyiko wake ambao hauandikwi popote. Ni elimu ya ngozi iliyopimwa kwa vizazi, na haikumwacha bibi harusi na figo zilizokufa.

Lakini dola ya Kiingereza ilikuwa ikielekea upande mwingine. Andrew Pears alikuwa ameanza na duka dogo Soho mwaka 1789, akatengeneza sabuni laini inayoonyesha mwanga. Karibu miaka 100 baadaye kampuni yake ilikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa wa Uingereza, na mojawapo ya matangazo yake ya miaka ya 1880 lilichora mtoto mweusi akiogeshwa na mtoto mweupe, kisha akitoka majini mwili umegeuka mweupe. Mchoro huo ulitundikwa kama mzaha wa kuuzia sabuni. Uliwafundisha watu wengi, London na makoloni, kwamba weusi ni uchafu unaoweza kuoshwa.

Fundisho hilo lilisafiri hadi Afrika Mashariki likiwa ndani ya kopo. Kufikia miaka ya 1960, krimu za kung'arisha ngozi zilitangazwa katika magazeti na magulio ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Tanzania ilijaribu kuzipinga kwa njia ya siasa: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 jijini Dar es Salaam ulipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Wasichana walisumbuliwa barabarani, na jambo hilo halikuwa haki. Kilichokuwa ndani ya kopo hakikujadiliwa sana.

Jibu lilitoka maabara. Mwaka 1972 jarida la madaktari la British Medical Journal, linalochapishwa London, lilitoa utafiti wa daktari Barr na wenzake kutoka Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Walikuwa wamewachunguza watu wazima 60 ambao figo zao zilivuja protini, miili ikavimba uso na miguu. Sehemu kubwa yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye chumvi ya zebaki, asilimia 5 hadi 10. Baadhi walipoacha krimu, figo zilirudi katika hali yake. Zebaki ile ile ambayo kitabu cha Haydocke kilionya juu yake mwaka 1598 ilikuwa sasa ikiingia mwilini mwa karani wa Nairobi kupitia mashavu yake.

Ulaya ilijilinda kwanza. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya, Uingereza ikiwa mwanachama, ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi isipokuwa kiasi kidogo kwenye vile vya macho. Hata hivyo kuitengeneza kwa ajili ya kupeleka nje hakukukoma. Sabuni za zebaki zilizotengenezwa Ulaya, Uingereza ikiwemo, ziliendelea kupakiwa kwenda Afrika, na kuzisafirisha kulikatazwa mwaka 2003. Kwa zaidi ya robo karne, kitu kilichoonekana hatari kwa ngozi ya mtu wa London kilihesabiwa kuwa halali kwa ngozi ya mtu wa Kisumu. Mwaka 2001 Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kuwachunguza wahanga wa zebaki wa Minamata, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya uchunguzi uliofanyika pande za Ziwa Victoria. Nywele za baadhi ya watu zilikuwa na zebaki nyingi mno. Chanzo kilikuwa sabuni.

Rudi tena mwaka 1972, kwa sababu mwaka huo ulileta pia mchele. Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Ndege ya kwanza ya wakimbizi ilitua Stansted tarehe 18 Septemba, na watu wapatao 28,000 wakapokelewa Uingereza. Miongoni mwa familia zilizotoka Uganda ni ya Thakrar, ambayo Rashmi Thakrar aliiongoza kuingiza basmati nchini Uingereza chini ya jina la Tilda. Mwanzoni waliuzia maduka ya Waasia wenzao. Baadaye wakajenga kinu huko Rainham, kando ya Thames mashariki mwa London, na basmati ikaingia kwenye maduka makubwa. Wakati wa Pepys umande ulifuatwa Woolwich, na Rainham iko mbele kidogo tu kwenye mto huo huo.

Waswahili walikuwa wameshaanza kufika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wazanzibari kadhaa walikimbilia Uingereza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza mwaka 1957, ilikusanya sauti za pwani na bara ndani ya jumba la Bush. Miaka ya 1990 vita vya Somalia viliwafukuza Wabarawa, wasemaji wa Chimwini, na wengi wao wakajenga maisha kaskazini mwa London. Kituo chao cha Muswell Hill kilichomwa moto Juni 2013. Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania wakafuata. Kila nyumba ilikuwa na gunia la mchele jikoni, la kilo 5, 10 au 20, na kila siku kabla ya wali kupikwa, mtu aliinamia sinki akauosha.

Na kila mmoja aliyetoka pwani aligundua jambo lile lile katika majira yake ya baridi ya kwanza: ngozi inapasuka. Hewa ya nje ni baridi na kavu, ya ndani imekaushwa na mabomba ya joto, na maji ya London ni magumu. Hupita kwenye miamba ya chokaa kabla ya kufika bombani, na ushahidi wake ni ukoko mweupe ndani ya birika la umeme na kwenye vichwa vya mabomba. Sabuni haitoi povu, hubaki mwilini kama utando. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku anayajua haya zaidi ya jirani yake. Mwaka 2016 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya kuwapima watoto 1,303 wa miezi mitatu: walioishi kwenye maeneo ya maji magumu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, hadi asilimia 87, wa kupata pumu ya ngozi. Kufunga mashine ya kulainisha maji nyumbani hakujathibitika kuwa tiba. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 kwa watoto 336 wa Uingereza wenye ugonjwa huo halikuonyesha nafuu yoyote ya ziada.

Hapo ndipo bakuli la maji ya mchele linapopata maana. Machi 2020 saluni za London zilipofungwa kwa sababu ya korona, na mikono ya watu ikakauka kwa kunawa sabuni kutwa, video za maji ya mchele zilienea kwenye simu kwa kasi. Vijana walijifunza habari za wanawake wa Kijapani wa zama za Heian waliochana nywele zao kwa maji hayo, za Wakorea waliooshea uso, za wanawake wa Kiyao wa kijiji cha Huangluo, China, wenye nywele zinazofika miguuni. Mama zao, ambao walikuwa wakiyamwaga maji hayo sinkini kila siku, waliyatazama upya.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Nusu kikombe cha mchele hupewa suuzo la kwanza, la kuondoa vumbi, na maji hayo humwagwa. Kisha humiminiwa vikombe viwili vya maji safi, mchele ukavurugwa kwa vidole mpaka maji yawe kama maziwa mepesi, ukaachwa dakika 30. Wanaoishi na maji magumu ya bomba hutumia yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kuwa sehemu ya chokaa hubaki kwenye birika. Maji hupitishwa kwenye chujio, mchele ukaenda sufuriani. Uso ulionawa hupapaswa kwa pamba iliyolowa, ukaachwa dakika chache mpaka uhisi unavutika, ukasuuzwa na kufutwa kwa kugusagusa. Mafuta hufuata papo hapo kabla unyevu haujakauka, yawe ya nazi au ya hospitali. Anayesahau hatua hii ya mwisho hafaidi kitu, kwa sababu wanga uliokauka peke yake huvuta maji ya ngozi.

Je, yanasaidia kweli? Kwa kiasi, na kiasi hicho kimepimwa. Mwaka 2002 De Paepe na wenzake wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels walichapisha jaribio la wanga wa mchele katika maji ya kuogea. Ngozi iliyokuwa imeharibiwa makusudi kwa sabuni kali ilitumbukizwa humo dakika 15, mara mbili kwa siku, na uwezo wake wa kujiponya ukaongezeka kwa asilimia 20. Watu wenye pumu ya ngozi nao walionyesha nafuu katika kuzuia maji yasipotee mwilini. Mwaka 2010 watafiti wa Kijapani walioyapima yale maji ya zama za Heian waliripoti kwamba yanapunguza msuguano wa nywele. Hizi ni faida za kutuliza na kulainisha.

Kung'arisha si miongoni mwao. Hapana utafiti uliothibitisha kwamba maji ya mchele ya jikoni humfanya mtu awe mweupe, wala hayana kazi hiyo.

Kuna hatari moja ya kweli, na ilitambuliwa kwa sehemu London kwenyewe. Mwaka 1971 na miaka iliyofuata, watu waliokula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina nchini Uingereza walianza kutapika saa chache baada ya chakula. Maabara ya afya ya umma ya Colindale, kaskazini-magharibi mwa jiji, ilikuwa miongoni mwa zilizomtambua mhusika: bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hukaa kwenye mchele mkavu, huvumilia kupikwa, na kuzaana wali ukiachwa kwenye joto la kawaida. Maji ya mchele yanaweza kuwa na mbegu zizo hizo. Yawekwe kwenye friji ndani ya chupa yenye kifuniko, yatumike katika siku mbili au tatu, yasipakwe kwenye kidonda wala ngozi iliyopasuka hadi kutoa damu. Wanaoyachachusha kwa siku nyingi juu ya meza wanafuga vijidudu wasivyovijua.

Wafanyabiashara wa weupe hawajaondoka mjini. Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, ilikatazwa katika vipodozi vya Ulaya mwaka 2001, na Tanzania nayo ikaifuata mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, lakini makopo huendelea kuingia. Wakaguzi wa halmashauri ya Southwark, yenye mitaa ya Peckham ambako Waafrika wengi hununua mahitaji yao, wameshtaki wauza duka mara nyingi kwa kuuza krimu zenye haidrokwinoni, zebaki na dawa kali za steroidi. Mwaka 2019 umoja wa serikali za mitaa za Uingereza ulizifananisha krimu hizo na dawa ya kuchubulia rangi ya ukuta. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha sehemu moja ya zebaki kwa milioni katika vipodozi, na kikao cha Geneva cha mwaka 2023 kikakiondoa hata kikomo hicho: zebaki isiwemo kabisa. Sasa mbinu imebadilika, na jina la mchele limeanza kuandikwa kwenye krimu zinazoahidi kung'arisha, ili kitu kisicho na hatia kikipe heshima kitu chenye hatia. Mnunuzi asome orodha ya viambato, na kopo lisilo na orodha, au lisilo na jina na anwani ya anayehusika nalo Uingereza, alirudishe kwenye rafu.

Aliyekwisha kujichubua kwa miaka hatapona kwa bakuli la maji ya mchele, na ni ukatili kumwambia hivyo. Ngozi iliyozoea mkorogo wenye steroidi, ukiukatiza ghafla, huweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele vibaya kuliko mwanzo, na wengi hurudia mkorogo kwa kudhani ngozi inawalilia. Dawa ya hali hiyo iko kwa daktari wa GP wa mtaani, ambaye kumwona ni bure. Aende na kopo lenyewe mkononi, hata kama lebo imebanduka, aseme amelitumia kwa muda gani na sehemu gani za mwili. Akimwona amevimba uso asubuhi au miguu jioni, daktari atataka pia mkojo na damu vipimwe, kwa ajili ya figo.

Maji ya mchele yatamfaa baadaye, ngozi ikishafunga.